Mteuzi wa Kumi na Mmoja

Alikuwa na mkono wa kulia uliojua mambo kabla ya kichwa chake. Hivyo ndivyo walivyosema wakulima wa pamba wa Shinyanga, nami niliyefanya kazi chini yake kwa miaka sijapata maneno bora ya kumweleza. Mkono ule niliuharibu mimi. Sikuukata wala sikuuvunja. Nilimfanya mwenyewe asiuamini tena, na katika kufanya hivyo kijana mmoja akapoteza macho yote mawili. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani nasimulia habari za mzee mcheshi wa zamani. Mcheshi alikuwa. Lakini kila ninapomkumbuka akicheka, najua kinachokuja nyuma ya kicheko chake.

Tulimwita Mteuzi. Jina alikuwa nalo, na jina la ukoo wao liliandikwa kwa rangi nyekundu juu ya duka la kaka yake karibu na stesheni, ila mjini ungeuliza kwa jina lile wangekupeleka kwa kaka. Kazi yake ilikuwa kupanga madaraja ya pamba kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, ambako mimi nilikuwa karani. Msimu wa ununuzi ulipofika, mkulima alishusha gunia lake, Mteuzi akakunja mkono wa shati, akauzamisha mkono ndani ya gunia mpaka kwapani, huku akitazama pembeni kama mtu anayesikiliza hodi ya mbali. Kisha alisema neno moja kati ya mawili. Safi, au fifi. Safi ilikuwa pamba nyeupe ya daraja la kwanza. Fifi ilikuwa ile yenye madoa, iliyoliwa na wadudu, au iliyochumwa na umande. Kati ya maneno hayo mawili palikuwa na bati la nyumba ya mtu.

Nakumbuka mama mmoja kutoka Songwa aliyetembea na punda wawili.

"Mwangaluka, Mama," Mteuzi alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Tia mkono tu, usinichekee."

Mkono ukaingia. Ukakaa. "Juu safi. Chini fifi."

"Chini umeonaje? Una macho kwenye kucha?"

"Gunia hili limechumwa na watu wawili, Mama. Mmoja wao alikuwa na haraka ya kwenda ngomani."

Watu wote waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko, na yule mama mwenyewe akacheka mpaka akashika punda. "Ni shemeji yangu," akasema. "Nilimwambia, yule Mhindi atakujua."

Nje ya pamba alikuwa na kitu kimoja tu, nacho ni kriketi. Mwenyewe hakujua kuicheza. Nilimwona akishika gongo la kriketi mara mbili maishani, na mara zote mbili vile vijiti vitatu ambavyo mpigaji huvilinda nyuma yake viliangushwa na mpira, akatolewa kabla hajamaliza kujiweka sawa. Lakini katika jimbo letu palikuwa na ligi ya daraja la kwanza: wafanyabiashara wa mjini, watu wa reli, jineri yetu, mgodi wa almasi wa Mwadui, Mwanza, na timu za migodi ya dhahabu kutoka upande wa Geita, zilizofika kwa malori zikiwa nyekundu kwa vumbi. Kila mwaka msimu ulipofika katikati, Mteuzi aliandika majina ya wachezaji kumi na mmoja waliokuwa bora kuliko wote mpaka siku hiyo. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Ilianza kwa ubishi wa barazani, na kufikia wakati wangu chama cha jimbo kilikuwa kinaifuata kama sheria. Kumi na mmoja hao walicheza mechi moja mjini Shinyanga dhidi ya timu ya pamoja ya migodi ya dhahabu, na mji mzima ulifunga maduka.

Orodha aliibandika Jumamosi asubuhi kwenye mlango wa chumba cha mizani, kwa gundi ya unga wa muhogo, kisha akakimbilia kujificha nyuma ya marobota. Sifanyi mzaha. Mwaka mmoja mwenye duka la vitambaa alikuja na mkwaju kwa sababu mwanawe hakuandikwa.

"Yuko wapi?" akaniuliza.

"Amekwenda Kishapu, Bwana," nikajibu kama nilivyoagizwa.

"Atarudi lini?"

Sauti ikatoka nyuma ya marobota: "Mwanao akijifunza kusogeza mguu wa mbele!"

Hata mwenye mkwaju alishindwa kukasirika.

Ajabu ni kwamba mtu huyu hakuweza kuchagua kitu kingine chochote. Mashati alichaguliwa na mkewe. Sokoni aligonga tikiti moja, akagonga la pili, akarudi kwenye la kwanza, mpaka muuzaji akaomba ruhusa ya kuhudumia wengine. "Watu kumi na mmoja anawaweza," mkewe alituambia siku moja jinerini alipomletea chakula, "tikiti moja limemshinda." Mkewe alikuwa na haki ya kumtania, kwani Mteuzi alikuwa amemwacha nje ya orodha mtoto wa dada wa mkewe, kijana hodari ambaye sisi sote tungemwandika, na kwa mwezi mzima Mteuzi alikula mboga zisizo na chumvi. Nilipomuuliza kwa nini alimwacha, alisema, "Msimu huu amefiwa na baba. Mpira anauona, lakini anauona akiwa mbali."

Alikuwa na masharti yake. Hakumwandika mtu mwenye msiba. Hakumwandika mpigaji ambaye katika nusu ya kwanza ya msimu hajavuka mbio arobaini, yaani alama arobaini za kukimbia, katika mechi moja, hata awe mtoto wa nani. Na hakumwandika mtu bila kumpima macho. Hicho ndicho kipimo kilichonitia baridi tangu nilipokiona mara ya kwanza. Alikuwa akizungumza nawe habari za mvua, na ghafla alipiga makofi mbele ya uso wako, vidole vikipita karibu na pua. Akatazama kope. Wapo waliofumba na wapo ambao hawakufumba. Wale waliofumba aliwaweka nafasi za chini, ambako warushaji wakali wa migodini huwa wamekwishachoka. Nafasi ya kufungua mchezo, wakati mpira ungali mpya na mgumu, hakumpa mtu aliyefumba.

"Mpira haumtafuti mtu, karani," aliniambia. "Unapita zake. Tatizo ni yule anayeacha kuutazama."

Kwa muda mrefu nilidhani anaipenda orodha yake. Baadaye nikagundua kuwa anaiogopa. Wiki moja kabla ya kubandika alikonda. Alikwenda peke yake uwanjani, akasimama kando ya ule mkeka mzito wa makumbi ya nazi uliotandikwa juu ya changarawe na kupigiliwa misumari pembeni, kwa maana nyasi za kuchezea hatukuwa nazo. Juu ya mkeka ule mpira ulidunda kuliko ulivyotarajiwa, na jua likikaza kamba zake ulidunda zaidi. Siku moja nilimkuta pale.

"Unajua kumchagua mtu ni nini?" akaniuliza. Akaonyesha mahali anaposimama mpigaji. "Ni kumwambia: wewe, kasimame pale."

Mwaka ninaousimulia, migodi ya dhahabu ilikuwa imepata mrushaji mpya, Mzungu wa mitambo ya kuchoronga, mrefu kama nguzo ya simu. Hakuwa mtu mbaya. Akimwangusha mtu alimwendea, akamwinua. Lakini aliwaangusha. Kabla msimu haujafika katikati alikuwa amemvunja vidole kijana wa reli, na mchezaji mmoja wa Mwanza alitema meno mawili kwenye mkeka. Vijana wa mjini walianza kujifunga taulo kifuani chini ya shati. Ndipo likatokea jambo ambalo halijawahi kutokea: watu walikuja jinerini kuomba wasiandikwe. Akina mama walikuja na sahani za vitumbua wakimsihi Mteuzi. Yule mwenye mkwaju alirudi, safari hii bila mkwaju, akasema kwa upole, "Mwanangu mguu wa mbele bado hajausogeza. Mwache kwanza."

Nafasi ya kufungua mchezo ikabaki wazi. Wengine waliona hatari. Mimi niliona nafasi.

Masanja alikuwa kijana wa kijijini kwetu. Alianza kwa kusukuma roli la kusawazisha uwanja, akajifunza kupiga jioni wachezaji wakiwa wamekwenda nyumbani, nasi tukimrushia mpira uliotatuka uzi. Kufikia mwaka ule alikuwa anaichezea jineri. Mpira wa chini aliupiga vizuri mpaka Wahindi wa barazani walisimama. Mpaka siku hiyo hakuna Mwafrika aliyewahi kuandikwa katika kumi na mmoja. Mteuzi hakuwa na ubaguzi huo; alikuwa ameniambia wazi, "Mwakani. Mwakani atafungua mchezo, na hakuna atakayemtoa." Mimi sikutaka mwakani. Nilitaka watu waje mlangoni Jumamosi ile wasome jina la kwetu.

Na kitabu cha alama kilikuwa mikononi mwangu. Kwa kuwa nilikuwa nimefika sekondari na mwandiko wangu ulisomeka, Mteuzi alinifanya mwandishi wa alama wa jineri. Siku aliyonikabidhi kitabu aliniambia, "Andika ulichokiona. Ukiwa na shaka inua mkono, usimamishe mchezo, hata kama anayepiga ni Bwana DC."

Tulicheza na Mwadui. Mwandishi wao alishikwa na homa, nikabaki peke yangu mezani. Sasa, wasiojua mchezo huu waelewe jambo moja. Mpira unaweza kumpita mpigaji bila kuguswa na gongo, au kumgonga kwenye kinga za miguu ukateleza, nao wapigaji wakakimbia. Mbio hizo ni za timu, si zake. Zina mstari wao chini ya ukurasa, mbio za ziada. Mwamuzi huinua mkono kuonyesha. Siku ile mlinda vijiti wa Mwadui alikuwa mgonjwa wa magoti na mipira mingi ilimpita. Mwamuzi aliinua mkono, nami nikaandika kwenye jina la Masanja. Mara ya kwanza nilijiambia nimekosea, nitasahihisha. Sikusahihisha. Baada ya hapo sikuhitaji tena kujidanganya.

Masanja alipata mbio ishirini na nne. Nikamwongezea kumi na tisa. Jumla ya timu ilikuwa sahihi kabisa, na ubao wa uwanjani ulionyesha jumla tu. Kitabu kilisema arobaini na tatu, na hesabu yake haikuwa na kasoro.

Wiki ya orodha Mteuzi aliniita chumba cha mizani. Alikuwa amejaza majina kumi.

"Nimempigia Masanja makofi mara tatu," akasema. "Mara tatu amefumba. Mkono wangu unasema mwakani."

"Lakini ana arobaini na tatu, Mzee. Dhidi ya Mwadui."

"Nimeona." Akafungua ukurasa, akaweka kiganja juu ya maandishi yangu kama anavyofanya kwenye pamba. Akatazama pembeni. Kinu cha kuchambulia kilikuwa kinanguruma nyuma ya ukuta na vumbi la nyuzi lilikuwa linaelea. "Ulikuwa peke yako siku ile?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa na shaka popote?"

"Hapana."

"Kitabu kiko sawa?"

"Kiko sawa, Mzee."

Alikaa na kiganja chake pale kwa muda ambao hata sasa sijaweza kuufupisha. Kisha akakiondoa. "Basi mkono umezeeka," akasema, akaandika jina la Masanja. Namba moja.

Jumamosi ile watu wa kwetu walicheza mlangoni. Masanja alibebwa juu juu mpaka kwenye mizani, wakampima kama robota, na Mteuzi hakujificha. Alisimama kando, akimtazama usoni.

Mechi yenyewe sitaieleza sana. Kulikuwa na upepo mkavu na mkeka ulikuwa umekazika. Masanja alipona mipira michache ya kwanza. Ule uliofuata uliinuka kutoka kwenye mkeka kama kitu kilichoitwa. Hakuuinamia wala hakuukwepa. Nikiwa mezani niliona uso wake umejikunja, kope zimefungwa, na ulipomfikia alikuwa bado anausubiri. Mlio ulikuwa mdogo. Mrushaji alifika kwake kabla ya mtu yeyote, akapiga magoti, akawa anapiga kelele maji yaletwe.

Mimi nilikuwa na penseli mkononi. Mpira usioleta mbio mwandishi huuandikia nukta. Nikaandika nukta.

Jicho la kushoto lilikwenda siku ile ile. Baada ya majuma machache hospitalini la kulia likaanza kulifuata, na daktari akasema macho huenda hivyo wakati mwingine, moja likimvuta mwenzake. Masanja alitoka akiwa ameshikwa mkono.

Mteuzi hakubandika orodha tena. Msimu uliofuata mkulima alishusha gunia, mkono ukaingia mpaka kwapani, ukakaa, ukaendelea kukaa. Mwishowe akamwuliza mkulima, "Wewe unaonaje?" Watu wakacheka wakidhani ni utani wake. Alipouliza gunia la pili, na la tatu, foleni ikanyamaza. Mama mmoja akanong'ona kwamba Mhindi amelogwa. Kabla ya mwezi kuisha walimhamishia ghala la magunia matupu, akawa anayakunja na kuyafunga kamba. Mteuzi alimchukua Masanja, ambaye hakuwa na ndugu wa kumlea, akamweka nyumbani kwake katika chumba cha uani. "Mimi ndiye niliyemwambia akasimame pale," aliwaambia waliomshangaa.

Nami? Niliomba uhamisho. Nilikwenda upande wa Chato, nikapima pamba ya watu wengine, nikaoa, nikazaa. Kila nilipopata habari za Shinyanga niliuliza mvua imenyeshaje.

Nilirudi baada ya miaka minane, miaka ya hamsini ikiwa inaelekea ukingoni. Sitasema nilikuwa jasiri. Nilikuja kuchukua vyeti vyangu jinerini, na mlinzi wa getini akaniambia Mteuzi anaumwa moyo, nisipite bila kumsalimu. Ilikuwa alasiri. Nilimkuta uani, ameketi kwenye kiti cha kamba. Masanja alikuwa mkekani karibu na miguu yake, akibangua karanga kwenye ungo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani... karani! Masanja, ni karani wetu."

"Nimemtambua kwa kikohozi," Masanja akasema. "Karibu, ndugu yangu. Umenenepa?"

"Amenenepa," Mteuzi akajibu kwa niaba yangu, akacheka. Kisha akanitazama na kile kicheko kikaondoka taratibu. "Umekuja vizuri. Nataka kukuuliza kitu ambacho wewe peke yako unaweza kunijibu. Nimejaribu kukumbuka siku mkono wangu ulipokufa. Niliuweka juu ya kitabu chako, nawe ukasema kiko sawa, lakini mkono ulikuwa unaniambia hapana. Nakumbuka kabisa ukiniambia hapana. Sasa mkono unaoniambia hapana mahali penye ndiyo, ulikuwa umekufa tangu lini? Watu wangapi niliwaambia fifi na pamba yao ilikuwa safi? Nawaza magunia, karani. Miaka yote ile ya magunia."

Sikuwa nimejua kwamba kosa langu lilikuwa limerudi nyuma kiasi hicho, likala hata miaka iliyokuwa yake kabla sijafika.

"Mzee," nikasema, "Masanja alipata ishirini na nne. Zile nyingine zilikuwa mbio za ziada. Niliziandika kwenye jina lake kwa makusudi. Mkono wako haukukosea."

Aliinua mkono wake wa kulia kutoka gotini, akautazama mbele na nyuma kama mtu anayemtazama nduguye aliyerudi kutoka safari. Sijawahi kuona furaha ya namna ile juu ya uso wa mgonjwa. Nilijiandaa kwa matusi, nilistahili matusi. Lakini yeye alikuwa ameshageuka.

"Masanja! Umesikia, mwanangu? Umesikia alichosema huyu? Kitabu kilikuwa cha uongo. Ishirini na nne tu!"

Masanja alibangua karanga moja, akaitupa kwenye ungo.

"Ishirini na tano," akasema. "Kuna moja iliyogusa ukingo wa gongo, hakuiona."

Mteuzi aliurudisha mkono gotini.

"Kila mpigaji anahesabu, Mzee," Masanja akaendelea, sauti yake ikishuka. "Waliponipongeza kwa arobaini na tatu nilijua kuna mtu amenisaidia. Nilitaka jina liandikwe mlangoni."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Na miaka minane umekaa hapa. Kila siku ukinisikia nikijilaumu. Mbona hukusema?"

Masanja aliacha karanga. "Ningesema, ningeishi wapi?"

Mteuzi alitutazama mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Ile furaha ilikuwa bado haijatoka yote usoni, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulitazama.

"Kumbe nilikuwa peke yangu," akasema.

Akasimama, akavaa viatu bila kufunga kamba, akafungua mlango wa uani akatoka. Tulisikia hatua zake zikielekea barabarani. Masanja alikuwa ameinua uso kuelekea mlangoni.

"Mfuate," akaniambia. "Jua likizama haoni vizuri."

Nikamfuata. Nilikuwa nyuma yake hatua kumi, labda kumi na mbili. Alijua nipo, kwa maana penye mtaro alisimama kidogo mpaka nilipousogelea, ndipo akaendelea. Tulipita maduka yaliyokuwa yanafungwa, tukapita uwanja, tukakata reli. Tulikwenda hivyo mpaka taa za stesheni zikawashwa, yeye mbele, mimi nyuma, na hakuna aliyemwita mwenzake.